Ngao ya tanuru na ngao ya dukani: barua ya wazi kwa wenye mchezo wetu

Kwenu wakurugenzi na wabunifu wa mchezo wetu wa intaneti,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Naandika nikiwa Mji wa Kale, na naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo chama chetu cha wachezaji kimeitumia ndani ya mchezo wenu kwa miaka sita. Muda wote huo tumejitafsiria wenyewe kila kazi, kila kanuni na kila tangazo, na hatujawahi kuwasumbua kwa hilo. Safari hii nawaomba nyinyi ndio mtafute wa kuwatafsiria, maana jambo lenyewe ni zito na sitaki lipungue uzito kwa Kiingereza changu.

Mimi ni mhunzi. Mchana natengeneza simu kwenye kibanda karibu na Mwembe Tayari, usiku nafua ngao. Kwa msomaji asiyeujua mchezo wa namna hii: maelfu ya watu huingia kupitia intaneti katika ulimwengu mmoja, kila mtu na mhusika wake aliyemlea tangu levo ya kwanza, na ulimwengu huo hausimami wewe ukizima mashine ukaenda kulala. Ukirudi kesho utakuta bei ya chuma imepanda, rafiki yako ameshinda vita, hasimu wako amehamia mji mwingine. Wengi huingia kupigana. Mimi nilipigana mwaka wa kwanza, nikachoka, nikakuta pembezoni mwa mji wa bandari kuna karakana tupu yenye tanuru. Nikawasha moto. Sikutoka tena.

Nataka mjue ngao moja ilivyokuwa ikipatikana. Chuma kilichimbwa milima ya kaskazini, mahali ambapo mtu peke yake hafiki akarudi hai. Lazima aandamane na mkingaji wa mbele na mganga wa nyuma. Makaa yalitoka msitu wa kusini. Ngozi ya kufungia mpini walikuwa nayo wawindaji, nao hawakutaka dhahabu, walitaka visu, na visu navifua mimi. Kisha ndipo ije kazi ya tanuru. Moto ukizidi, chuma kinakauka na kupasuka. Ukipungua, kinabaki laini. Rangi ndiyo iliyokuwa ikisema. Aliyeichora rangi ile kwenye kampuni yenu nampa hongera yake hapa hadharani: inaanza nyekundu ya damu, inapanda kuwa ya chungwa, halafu manjano ya embe lililoiva, na hapo ndipo unapogonga, si kabla wala si baada. Ngao moja ilinichukua jioni kumi na moja. Ikikamilika, jina la aliyeifua hujiandika kwa ndani, pale mkono unaposhika, ambapo hapaonwi na mtu ila mwenye ngao.

Kuna kijana wa Likoni alikaa nami miezi mitatu akijifunza. Akitoka kazini kisiwani anavuka kwa feri, anafika kwao, anakula, na saa tatu za usiku yupo tanuruni. Ngao yake ya kwanza ilipasuka kwa pigo la pili. Ya pili hali kadhalika. Ya tatu niliikataa kabla haijatoka mezani, akanuna siku mbili. Ya nne akaenda nayo pangoni mwenyewe, akasimama mbele ya wenzake tisa, na bosi wa pango lile, yaani adui mkuu wa mle, nyote mnajua anavyopiga. Saa sita za usiku simu yangu ikalia. Hakuniandikia ndani ya mchezo, alipiga simu ya kawaida, kwa salio lake, akasema tu, "Kaka, imeshika."

Hilo ndilo mlilolifuta mwezi uliopita.

Apdeti, yaani toleo jipya la mchezo, ilishuka siku ya Jumatano. Tulikuwa saba kwenye saiba moja, duka la intaneti, ya Kibokoni, tunapokutana kila apdeti inapotoka kwa sababu intaneti ya pale ina nguvu kuliko za nyumbani. Ilipomaliza kupakia, kitu cha kwanza kutokea kilikuwa duka, na kitu cha kwanza dukani kilikuwa ngao. Dola 9. Nguvu yake 410. Ngao bora kuliko zote nilizofua kwa miaka sita ina nguvu 365. Hakuna aliyepiga kelele. Feni ilikuwa ikizunguka juu yetu na kila mtu akisoma tangazo lile lile kwenye kioo chake. Kisha kijana wa Likoni akanigeukia akaniuliza, "Kaka, nina makaa elfu moja na mia mbili. Niyafanyeje?"

Sikuwa na jibu. Swali lake nawaletea nyinyi.

Tulipowaandikia, mtu wa huduma kwa wateja alitujibu kwa upole kwamba hakuna kilichoondolewa, na kwamba anayependa kufua bado anaweza kufua. Ni kweli, tanuru lipo, moto unawaka, rangi ni ile ile. Lakini angalieni mnyororo mzima ulivyokatika. Hakuna anayenunua ngao, kwa hivyo sinunui chuma. Sinunui chuma, kwa hivyo hakuna msafara wa kaskazini. Hakuna msafara, kwa hivyo mkingaji hana wa kumkinga na mganga hana wa kumtibu. Wawindaji wamekaa na ngozi zao. Chama chetu kilikuwa na watu 31 wakiingia kila wiki, kutoka Mombasa, Malindi, Tanga, Unguja, na wawili walioko Maskati. Wiki iliyopita nilihesabu 12. Hawakugombana na mtu wala hawakuaga. Mtu akiingia mara mbili akakuta hana la kumfaa mwenziwe, mara ya tatu haingii.

Jirani na kwetu kuna baraza ambapo wazee hucheza bao kila siku baada ya alasiri. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mtu 32 zake: sita zinakaa kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili na mbili pembeni yake, na ishirini na mbili anazo mkononi za kunamua, yaani za kutia moja moja mchezoni. Ndivyo nilivyolikuta nilipozaliwa na ndivyo walivyolikuta waliolicheza kabla yangu. Siku mbili baada ya apdeti nilikwenda kukaa hapo, moyo hauko, na Ami mmoja ambaye amenifunza bao tangu nikiwa mdogo akaniona.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

Nikamweleza kadiri nilivyoweza, kwa mfano wa bao. Nikamwambia, chukulia mtu amekuja na pesa, akataka auziwe kete kumi zaidi ya wenzake, na mwenye bao akakubali. Hakunijibu papo hapo. Alikuwa katikati ya mtaji. Akasambaza kete zake shimo kwa shimo mpaka ya mwisho ikalala, ndipo akainua macho.

"Atacheza na nani?"

Nimelifikiri neno lile kila siku tangu hapo. Hakusema ni dhuluma, ingawa mimi nilitaka aseme hivyo. Aliuliza yule aliyenunua atampata wapi wa kukaa naye. Na ndiyo hali niliyoiona kwenu wiki hii: vijana wenye ngao ya 410 wamesimama uwanjani mlango wa pango wakiomba wenzao wa kuingia nao, dakika arobaini, hakuna, kwa sababu wale ambao wangeingia nao walikuwa ni sisi.

Sidhani mlikusudia kutudhuru. Nadhani mlipima kitu kimoja mkaacha vingine, na hili si geni katika kazi yenu. Michezo hii ina asili yake: mwaka 1978 pale Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianzisha ulimwengu wa maneno matupu, bila picha, ambamo watu wengi waliingia kwa pamoja, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Mwaka 1996 Bartle aliandika kwamba wachezaji ni wa namna nne: wanaotaka kufika juu, wanaotaka kuvumbua, wanaotaka kuwa na watu, na wanaotaka kuwatawala wengine. Alieleza pia kwamba makundi haya yanategemeana. Ukilibana moja, la pili linavuja na la tatu linafurika. Duka lenu linamsemesha wa kwanza peke yake. Linamwambia, hapa juu, pita njia hii ya mkato. Lakini juu palikuwa na maana kwa sababu palikuwa na watu njiani.

Kuna kisa kimoja cha kazi yenu ninachokipenda sana, na naomba mkisome kwa macho yetu. Kabla mchezo wa World of Warcraft haujatoka mwaka 2004, katika majaribio, wabunifu waliweka kanuni kwamba mtu akicheza muda mrefu bila kupumzika, uzoefu anaopata kwa kila adui, yaani alama za kumpandisha levo, unashuka hadi nusu. Wachezaji waliichukia. Wakaona wanaadhibiwa. Wabunifu wakageuza majina: ile hesabu kamili wakaiita ya aliyepumzika, asilimia 200, na ile nusu wakaiita ya kawaida, asilimia 100. Namba ni zile zile. Watu wakafurahi, na mpango huo umedumu mpaka leo. Wengine husimulia kisa hiki kuonyesha kwamba wachezaji ni rahisi kuwachezea akili. Mimi nakisoma kinyume. Kinaonyesha kwamba tunachokitarajia ni sehemu ya mchezo wenyewe, sawa na upanga na mlima. Mlipoweka tanuru, mkaweka rangi tatu za moto, mkaweka jina la fundi ndani ya mpini, mlituambia: hii ni kazi yenye thamani, ifanyeni. Hamkuandika mkataba, lakini mlitamka. Laiti mngesema tangu siku ya kwanza kwamba ngao bora itakuwa ya kununua, nisingekuwa na la kulalamikia, kwa sababu nisingeuwasha moto.

Na mnajua yaliyowapata waliowahi kutangulia njia hii. Star Wars Galaxies ilifunguliwa mwaka 2003, na sifa yake kubwa ilikuwa mafundi: silaha, nguo, nyumba, dawa, karibu kila kitu kilitoka mikononi mwa wachezaji, na fundi hodari alijulikana mchezo mzima hata kama hakuwahi kupigana maishani. Novemba 2005 wenye mchezo waliamua kuurahisisha ili wapate wageni wengi zaidi. Fani zaidi ya 30 zikafutwa zikabaki 9. Watu walilala wakiwa mabingwa wa kazi fulani, wakaamka kazi yenyewe haipo. Wale wageni waliotarajiwa hawakuja kwa wingi uliotarajiwa, wenyeji wengi wakaondoka, na Desemba 2011 seva, yaani kompyuta zinazobeba ulimwengu wa mchezo, zikazimwa. Nimesoma maandishi ya watu waliokuwa mafundi mle. Miaka imepita na bado wanataja maduka yao kwa jina na mtaa, kama mtu anavyoitaja nyumba aliyozaliwa iliyobomolewa.

Sisemi msibadilishe kitu. Mchezo usiobadilika unakufa nao. Wala sisemi msiuze. Tunalipa ada kila mwezi na tunajua seva hazijiendeshi kwa dua. Uzeni mavazi, uzeni rangi za farasi, uzeni mapambo ya nyumba; mke wangu peke yake amenunua mazulia yenu matatu. Lakini dola 9 ni zaidi ya shilingi elfu moja, na kwa kijana yule wa Likoni hicho ni kibarua cha siku nzima. Ndani ya mchezo wenu alikuwa sawa na mtoto wa tajiri yeyote wa Ulaya. Palikuwa mahali pamoja ambapo jioni kumi na moja za kijana wa Likoni na jioni kumi na moja za mtu wa London zilitoa kitu kile kile. Hamjui hilo lilikuwa na uzito gani huku.

Nina mengine mawili, nayasema kwa ufupi kwa sababu ni tawi la shina hilo hilo.

La kwanza ni vile vibarua vya kila siku mlivyovileta pamoja na duka, vya siku thelathini mfululizo, ukikosa moja unarudi sifuri. Siku yenu inaanza saa tisa za usiku kwa saa za kwetu. Mganga wetu ni mama wa watoto wawili pale Tudor. Mwezi wa Ramadhani alifika siku ya 27, akifanya kibarua chake baada ya tarawehe, macho yanafumba, na usiku ule umeme ukakatika mtaani kwao mpaka asubuhi. Siku 26 zikapotea. Hakuna mbunifu anayeweza kuzuia umeme wa Tudor usikatike, ila anaweza kuruhusu siku tatu za udhuru kwa mwezi. Hata mwajiri huruhusu. Na vita vya miji, mlivyovipanga saa tatu usiku za Ulaya, kwetu ni saa nne. Kisha nyinyi mkirudisha saa nyuma mwisho wa Oktoba, kwetu vinasogea hadi saa tano, na huku hatuna desturi ya kugeuza saa. Tangazeni nyakati mbili za vita na mtaona miji mingapi itajaa.

La pili ni umbali. Seva zenu ziko Ulaya. Kebo za baharini zinazotuunganisha zilianza kutia nanga hapa Mombasa mwaka 2009, na kabla ya hapo michezo kama huu tuliisikia tu, kwa hivyo nashukuru. Lakini mwanga ndani ya kebo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde na hauongezwi kasi kwa kulipa zaidi. Amri yangu ikienda na kurudi, kwangu hupima milisekunde 170 usiku mtulivu. Bosi wenu mpya anatoa ishara robo sekunde kabla ya kupiga. Kwa aliyeko Ulaya hiyo ni nafasi finyu. Kwetu, ukitoa safari ya kwenda na kurudi, zinabaki milisekunde 80, na kidole cha mtu hakiwahi. Si lazima mjenge seva Afrika kesho, ingawa ningefurahi kama aliyeokota lulu. Lipo la kufanya katika ubunifu wenyewe. RuneScape huhesabu matendo yake kila sekunde 0.6, na ndani ya kipimo hicho mtu wa Mombasa na mtu wa Cambridge wanasimama karibu sawa. EVE Online, vita vikiwa vikubwa mno, hupunguza mwendo wa wakati mpaka asilimia 10 ili kila amri ifike. Michezo hiyo imewaachia nafasi walio mbali na walio wengi. Nawaomba mtufikirie.

Narudi kwenye ngao, maana ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Ninachoomba kwanza ni kwamba ngao ya dukani ishushwe chini ya ngao bora ya tanuru, na waliokwisha kuinunua warudishiwe pesa zao au wapewe mavazi ya thamani hiyo. Hawakukosea kununua kilichouzwa. Halafu, kabla hamjagusa tena kazi ambayo watu wameitolea miaka, mtuulize. Hili nalo lina mfano. Old School RuneScape ilizaliwa mwaka 2013 baada ya wachezaji wenyewe kupiga kura warudishiwe mchezo ulivyokuwa mwaka 2007, na tangu hapo mabadiliko makubwa hupigiwa kura. Mwanzoni yalihitaji asilimia 75, baadaye ikawa 70. EVE Online ina baraza la wachezaji linalochaguliwa kwa kura tangu 2008. Hata hivyo, mwaka 2011 wachezaji wake walipohofia kwamba nguvu zitaanza kuuzwa kwa pesa, walikusanyika kwa wingi kuushambulia mnara mmoja wa ukumbusho ndani ya mchezo, na miezi michache baadaye mkuu wa kampuni akawaomba radhi kwa maandishi. Hawakufa kwa kuomba radhi. Mchezo wao upo mpaka sasa.

Na kama mnaogopa kwamba mmechelewa, Final Fantasy XIV ilitoka 2010 ikiwa mbovu kiasi kwamba rais wa kampuni aliomba msamaha hadharani mwaka huo huo. Wakamweka Naoki Yoshida kuiongoza, wakaijenga upya wakati ile ya zamani bado inaendeshwa, na Agosti 2013 wakaifungua tena. Yoshida amekuwa akijitokeza mbele ya wachezaji mwaka hadi mwaka kueleza kinachobadilishwa na kwa nini. Ilihitaji miaka karibu mitatu. Yetu inahitaji namba moja kwenye jedwali lenu ishuke kutoka 410.

Kijana wa Likoni bado anayo makaa yake. Nilimwambia asiyauze, nikijua hakuna wa kuyanunua. Mimi kila Ijumaa saa nne za usiku, saa za Mombasa, niko karakanani, mji wa bandari, mlango wa tatu ukitoka gatini. Naomba mmoja wenu aje, si kwa jina la kampuni, aje na mhusika wa levo ya kwanza kama mtu mwingine yeyote. Tutamsindikiza kaskazini. Mkingaji bado tunaye na mama wa Tudor amesema atakuja. Akirudi na chuma nitamweka mbele ya tanuru nimwonyeshe ile manjano ya embe, agonge mwenyewe, mpaka jina lake liandikwe ndani ya mpini.

Wenu,
Mhunzi wa mji wa bandari
Mji wa Kale, Mombasa